Jinsi Dini Zilivyoingia Mto Tana

Wako wanaodhani kwamba dini hushinda kwa hoja peke yake: mtu akisikia haki huifuata, na itikadi yake ya kale humtoka siku ile ile. Khabari za Mto Tana zaonyesha mambo mengine.

Wapokomo ni watu wa mto mmoja. Walakini wa juu ya mto wengi wao ni Waislamu, na wa chini, pande za Garsen na Ngao, wengi ni Wakristo. Si kwamba wa chini hawakuusikia Uislamu. Kipini na Lamu ni jirani zao. Ila mwaka 1887 wamishenari wa Kijerumani wa Neukirchen walifanya makao Ngao, wakajifunza Kipokomo, wakakiandika, wakafungua skuli. Huko juu waliotangulia ni Waislamu, wafanya biashara na walimu. Basi kila upande ulimfuata aliyekuja akakaa.

Itikadi ya kale nayo ilikuwa na wenyewe: wazee na ngoma yao kuu, ngadji, isiyoruhusiwa kuonwa na asiyeingizwa katika siri yao. Waingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, wakaipeleka Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Hiyo ni dhulma, hata kama sisi hatuikubali itikadi yake. Wala kunyang'anywa ngoma hakumfundishi mtu tauhidi.

Waorma, walioingia Uislamu khasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wazee wao walimwita Mungu Waqa. Jina hilo halina ubaya. Hata sisi neno letu Mungu ni la Kibantu, nalo lilitumiwa kabla ya Uislamu kufika, lakini likatiwa maana safi. Ubaya ni kinyume chake: tendo la kale kuvishwa jina jipya. Kafara ya pepo huitwa sadaka, na uganga huitwa tiba kwa kuwa ndani ya hirizi mna aya.

Dawa ya hayo ni kufahamu. Kwa sababu hiyo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliwaandikia watu kwa Kiswahili katika Sahifa, kisha mwaka 1932 katika Al-Islah. Nasi wako walimu wetu wanaosomesha kwa kukariri tu, hata mtoto akahitimu bila kuweza kueleza maana ya Fatiha, naye huisoma mara 17 katika sala za faradhi za siku moja.