Anza na Risasi Ulizonazo, Rivolva Ifuate

Wengi wanaotaka kuingia kwenye mashindano ya rivolva huanza kwa kuuliza ni rivolva ipi iliyo bora. Kwa mtu ambaye tayari analenga shabaha kwa bastola ya magazini, ana akiba ya risasi kabatini, mashine ya kujazia maganda na mkanda wa mashindano, naona swali hilo linakuja mapema mno. La kwanza ni kujua alicho nacho. Rivolva hununuliwa mara moja, lakini risasi huliwa kila wiki ya mazoezi, na ushindi katika mashindano haya hutokana na mazoezi. Nazungumzia Marekani, ambako USPSA, IDPA na ICORE huendesha michezo hii, kila chama kikiwa na kanuni zake.

Tuanze na kaliba. Mwenye akiba ya 9mm ana rivolva zilizotengenezwa kwa ajili yake: Smith & Wesson 929 ya risasi nane, 986 ya risasi saba, au Ruger Super GP100 ya nane. Mwenye .45 ACP aliyezoea bastola ya 1911, njia yake ni Smith & Wesson 625 ya risasi sita. Mwenye .38 Special ana uwanja mpana zaidi, kwa kuwa rivolva ya .357 Magnum hupiga .38 Special bila shida, iwe 686 au 627. Kinyume chake ni hatari: .357 ina presha kubwa mno kwa rivolva ya .38. Wapo wanaohofu kwamba risasi ya bastola ya magazini haifai kwenye rivolva kwa sababu kitako chake hakina ukingo unaotokeza wa kusukumwa na kitoa maganda. Hofu hiyo ilijibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Marekani lilipopungukiwa bastola za 1911, Colt na Smith & Wesson walitengeneza rivolva za mfano wa 1917 zilizopiga .45 ileile, risasi zikishikwa tatu tatu kwenye klipu ya chuma yenye umbo la nusu mwezi. Leo klipu hiyo ni duara kamili inayobeba risasi zote za silinda, kwa hiyo zinaingia pamoja na maganda yanatoka pamoja. Risasi fupi za 9mm na .45 zinazidi kurahisisha kazi, maana ganda la .38 Special lina urefu wa milimita 29 na linahitaji kusukumwa mbali zaidi ili litoke lote.

Kisha piga hesabu ya nguvu. Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. USPSA hudai angalau 125 kwa daraja dogo na 165 kwa daraja kubwa. Kichwa cha greni 147 cha 9mm kwa mwendo wa futi 900 kinatoa 132, kinapita daraja dogo. Greni 230 za .45 kwa futi 740 ni 170, daraja kubwa. Lakini .38 Special ya greni 158 inayokwenda futi 755 inatoa 119 tu: kwenye USPSA haitapokelewa, ilhali kwenye IDPA, inayodai 105 kwa rivolva ya kawaida, itapita. Ndiyo maana nasema risasi zako hazichagui silaha peke yake. Zinachagua hata mashindano utakayoingia. Usitegemee maandishi ya kwenye boksi. Pima mwendo kwa kronografu, ukitumia mtutu wenye urefu unaokaribiana na ule utakaonunua.

Vifaa vina kauli pia. Spidiloda, kifaa cha kuingiza risasi zote kwenye silinda kwa mpigo, ya fremu ya ukubwa wa K ya Smith & Wesson haiingii kwenye fremu L, na ala iliyofinyangwa kwa 686 haitaipokea 625, ambayo fremu yake ni N. Angalia na fataki ulizoweka, yaani viwashio vya kwenye kitako cha ganda. Rivolva za mashindano hulegezwa springi ili kifyatulio kiwe chepesi, na nyundo ikigonga kwa pigo dogo, fataki za Federal hulipuka pale ambapo za CCI zinaweza kukataa. Ukiwa na akiba kubwa ya fataki ngumu, acha springi ibaki na nguvu. Kwa klipu, tenga maganda kwa kampuni, maana mfuo wa kitako hautoshani: klipu inayobana maganda ya kampuni moja itayaacha ya nyingine yakiyumba, na risasi inayoyumba haiingii silinda kwa haraka. Kwa 9mm ongeza jaribio moja. Pima urefu wa risasi moja, ijaze pamoja na nyingine, fyatua zote isipokuwa hiyo, kisha uipime tena. Ikiwa imerefuka, mtikiso unavuta kichwa chake kutoka kwenye ganda, na siku moja kitatokeza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke.

Pingamizi zito ni hili: USPSA iliruhusu rivolva za risasi nane kwa daraja dogo mwaka 2014, na tangu hapo sita zimeachwa nyuma. Ni kweli. Kanuni zake kwa kawaida hazidai zaidi ya mapigo nane kutoka mahali pamoja, kwa hiyo mwenye sita hujikuta akijaza upya akiwa amesimama. Daraja kubwa humrudishia pointi moja tu kwa kila risasi inayotua kwenye shabaha nje ya eneo la A, lenye pointi nyingi zaidi. Anayewania ubingwa wa taifa huko anunue ya nane, hata kama itambidi kuhama kaliba. Lakini IDPA hujaza sita tu, na kwenye mashindano ya klabu mkono uliofanya mazoezi huamua mengi. Mwaka 1999 bingwa wa rivolva Jerry Miculek alipiga risasi sita, akajaza upya, akapiga sita nyingine kwa sekunde 2.99, akitumia rivolva ya risasi sita aina ya 625.

Wengine watasema kaliba hubadilishwa wakati wowote. Hubadilishwa, ila si silaha peke yake: kuna kalibu za mashine, maganda, vichwa, klipu, ala na vipimo vipya vya baruti. Nakubali kwamba maboksi machache hayastahili kumfunga mtu; yapige, yaishe, uchague upya. Akiba inayostahili kukuongoza ni ile unayoweza kuiendeleza kwa mashine na maganda uliyonayo.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, andika kaliba uliyonayo kwa wingi, nguvu yake uliyoipima, fataki zako, ala na mkanda wako, na chama ambacho klabu ya karibu yako inafuata kanuni zake. Soma toleo la sasa la kanuni hizo pamoja na sheria za silaha za jimbo lako. Rivolva inayokubaliana na orodha hiyo ndiyo ya kununua, hata kama mabingwa wanashika nyingine.