MWANGA NI DAWA, NAO HUPIMWA



Ukipeleka pamba yako kituoni, hukubali ikadiriwe kwa macho. Unataka iwekwe kwenye mizani. Mwanga unaomtibu mtoto mchanga nao hupimwa. Tujifunze sababu yake.

Manjano ni nini?

Watoto wengi hupata manjano siku chache baada ya kuzaliwa. Rangi hiyo hutokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtoto bado ni changa. Haliwezi kuiondoa rangi hiyo upesi. Mara nyingi manjano huisha yenyewe. Lakini yakizidi sana huingia katika ubongo. Mtoto anaweza kuwa kiziwi, kulemaa au kufa.

Mwanga hutibu vipi?

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto nje juani. Ngozi iliyopata mwanga ilipungua manjano. Ngozi iliyofunikwa na shuka ilibaki na manjano. Mwaka 1958 Daktari Richard Cremer na wenzake walitangaza tiba ya taa. Mwanga wa buluu huibadili rangi ya manjano, nayo hutoka kwa choo na mkojo.

Siku hizi hospitali nyingine hutumia kigodoro chenye nyuzi nyembamba sana. Taa imo ndani ya sanduku. Mwanga hupita ndani ya nyuzi, kama maji yapitavyo katika bomba, ukatokea kwenye kigodoro mgongoni mwa mtoto. Mama anaweza kumpakata na kumnyonyesha huku tiba ikiendelea.

Kwa nini mwanga upimwe?

Taa ikichakaa, au nyuzi zikikatika, mwanga hupungua. Kwa macho huwezi kujua. Kigodoro bado kinang'aa, lakini mtoto haponi. Kwa hiyo muuguzi au fundi huweka kipima mwanga juu ya kigodoro. Hupima katikati na pembeni, kwa sababu mwanga haulingani kila mahali. Huandika namba katika daftari. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2022 unataka namba hiyo isipungue 30. Ikipungua, kifaa hutengenezwa au hubadilishwa.

Wewe ufanye nini?

1. Mtazame mtoto mchana, penye mwanga. Angalia weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo.
2. Akiwa na manjano siku ya kwanza, au akilegea, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje.
3. Usimwanike juani nyumbani badala ya tiba. Jua huunguza, wala huwezi kulipima.
4. Endelea kumnyonyesha mara kwa mara.
5. Hospitalini, usiogope kuuliza: "Mwanga huu umepimwa lini?"

Maswali ya kujadili darasani

1. Manjano yakizidi humdhuru mtoto vipi?
2. Kwa nini macho hayatoshi kupima mwanga?
3. Kutoka kijijini kwenu, mtoto mgonjwa hufikishwaje hospitali usiku?