Kijana wa usingizi apewe kura

Swali: Wauguzi wa usingizi vijana hulipa ada ya chama, lakini mikutanoni hawaonekani. Wavutwe vipi?

Jibu: Wapewe kazi yenye uzito. Kijana aliyekesha akifuatilia pumzi na mapigo ya moyo ya mama aliyepasuliwa kwa dharura hawezi kuridhika na kupanga viti ukumbini.

Asimuliwe pia taaluma ilikotoka. Mwaka 1931, nchini Marekani, muuguzi wa usingizi Agatha Hodgins aliwakusanya wenzake wakaunda chama cha taifa. Miaka mitano baadaye, madaktari waliomshtaki muuguzi Dagmar Nelson walishindwa katika Mahakama ya Juu ya California: kutoa dawa za usingizi chini ya maelekezo ya daktari mpasuaji, ilisema, si kufanya kazi ya udaktari kinyume cha sheria. Haki hiyo ilipiganiwa, na bado inahitaji watetezi.

Tangu 2022, wanaoanza masomo ya uuguzi wa usingizi Marekani husomea shahada ya uzamivu. Gharama na miaka ya ziada inawaangukia vijana, kwa hiyo kamati ya elimu bila mwanafunzi mwenye kura ina kasoro kubwa. Na mikutano ifuate ratiba ya zamu. Aliyetoka zamu ya usiku anahitaji kulala kwanza.