Kugeuza Jicho Pofu: Usemi wa Kuandikwa kwa Hadhari

Wasomaji, katika semi za Kiingereza umo mmoja uwapendezao sana waandishi wa barua, nao ni "to turn a blind eye". Neno kwa neno ni kugeuza jicho pofu. Mtu akiusoma hivyo hudhani maana yake ni kutokuona, na hapo ndipo penye hatari.

Maana yake hasa ni kuliona jambo, tena kulijua kuwa halifai, kisha kujifanya hulioni. Sisi twasema kulifumbia macho. Usemi huu hunasibishwa na Nelson, amiri wa manowari za Uingereza, aliyepoteza nuru ya jicho la kulia huko Calvi mwaka 1794. Katika vita vya Copenhagen, tarehe 2 Aprili 1801, mkubwa wake Hyde Parker alitweka bendera za kumwamuru aache kupigana. Yasimuliwa kwamba Nelson aliweka darubini kwenye jicho lile bovu, akasema haoni bendera yo yote, akaendelea na vita. Alijua vema kwamba zipo.

Basi fikirini habari za mkubwa wa kijiji ambaye ng'ombe wa watu wameibwa usiku, naye amelala. Akiandika "I turned a blind eye to the theft", yeye akusudia kusema hakuona. Lakini aipokeaye barua ataelewa kwamba aliwaona wezi akawaachilia. Amejishitaki kwa kalamu yake mwenyewe! Yampasa kuandika tu "I did not see the theft". Vivyo hivyo, ukiuandika usemi huu juu ya mwenzio umemtuhumu, na tuhuma yataka ushahidi.

Sasa mpango wa maneno. Libadilikalo kwa nyakati ni "turn" peke yake: "turns", "turned". Jicho hubaki moja, hata wakiwa watu mia wenye macho mia mbili. Usiandike "blind eyes" wala "his blind eye". Kisha hufuata "to", ifanyayo kazi ya ile -ia katika kufumbia. Hapa hata wenye elimu hujikwaa, maana "to" hii si ile itanguliayo kitendo. "They turned a blind eye to cut trees" ni kosa. Sahihi ni "They turned a blind eye to the cutting of trees".

Na kwa mtu akataaye kusikiliza, uko usemi ulio ndugu ya huu, wenye mpango huo huo: "He turned a deaf ear to their complaints."