Sukari na damu SS: saa ya kwanza iko mikononi mwako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya kofia, viatu na mikanda ya usalama. Leo tutazungumza juu ya hatari isiyotoka kwenye mashine wala kwenye mwamba. Inatoka ndani ya damu ya mtu, na inaweza kumwangusha kazini, kitandani ao njiani.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu, zamani, mahali pengine nilipokuwa ninajifunza kazi hii. Ilikuwa posti ya usiku. Mfanyakazi mmoja alianza kusema maneno yasiyo na maana, akitokwa na jasho jingi, akiyumba. Mwenzake akamwambia: "Yaya, leo umekunywa lutuku!" Wengine wakacheka. Shefu wa ekipe akakasirika, akamwamuru akalale ndani ya gari mpaka ulevi umtoke. Baada ya masaa mawili wakamkuta hajitambui, mwili wote unatetemeka.

Hakuwa amekunywa hata tone. Alikuwa mgonjwa wa sukari. Jioni alijidunga insulini yake, halafu akatoka nyumbani bila kula, kwa sababu gari la wafanyakazi lilikuwa karibu kumwacha. Aliletwa kwetu, akatiwa glukozi kwenye mshipa, akapona. Lakini karibu kila mmoja wa wale waliocheka alikuwa na termosi ya chai yenye sukari. Kikombe kimoja cha chai ile, kikitolewa mapema, kingemsaidia pale pale.

Hilo ndilo somo la leo. Munganga ana dawa, lakini hayuko karibu kila wakati. Saa ya kwanza ni ya mwenzake wa kazi, ya mke, ya mume, ya jirani.

SUKARI IKISHUKA

Mtu anayetumia insulini ao vidonge vingine vya sukari anaweza kushukiwa na sukari akikosa kula, akifanya kazi nzito kuliko kawaida, akizidisha dawa, ao akinywa pombe juu ya tumbo tupu. Tazama dalili hizi: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafula, moyo kupiga mbio, hasira bila sababu, maneno ya ovyo, kuyumba kama mlevi. Mwishowe anaanguka.

Kama anajitambua na anaweza kumeza, fanya hivi:

1. Msimamishe kazi mara moja. Aondoke kwenye mashine, ashuke kwenye lori.
2. Mpe vijiko 3 ao 4 vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, ao glasi moja ndogo ya Fanta ao Coca-Cola ya kawaida. Ile isiyo na sukari haifai.
3. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena kiasi kile kile.
4. Akipata nafuu, ale chakula: mkate, bukari, viazi. Sukari ya glasi haikai mwilini muda mrefu.
5. Usimwache peke yake, na asiendeshe gari. Apelekwe kwenye dispansari.

Kama hajitambui, usimnyweshe kitu chochote. Kinywaji kinaweza kuingia mapafuni na kumwua. Mlaze kwa ubavu, hakikisha anapumua, ita ambulansi. Muuguzi atampa glukozi ya mshipa ao sindano ya glukagoni.

Je, ukikosa kujua kama sukari imeshuka ao imepanda? Kama kuna kipimo, chini ya 70 mg/dl ni kushuka. Kama hakuna kipimo na mtu anaweza kumeza, mpe sukari. Kama ilikuwa juu, vijiko vile vichache havitaongeza hatari sana. Kama ilikuwa chini, kuvikosa kunaweza kumwua.

SUKARI IKIPANDA SANA

Hatari hii inakuja polepole, kwa masaa mengi ao siku kadhaa. Mtu ana kiu isiyokwisha, anakojoa kila mara, anakonda, anatapika, tumbo linamwuma. Kisha anapumua kwa nguvu na kwa haraka, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Watu wa nyumbani wanasema ni malaria, ao amelogwa, na siku mbili zinapita. Usingoje. Kama anajitambua na hatapiki sana, anywe maji kidogo kidogo, na aende hospitali siku ile ile.

Kosa moja linaua wengi: mgonjwa anatapika, hali chakula, basi anaacha insulini yote. Mwili ukiwa mgonjwa bado unaihitaji, hata pasipo chakula. Munganga atabadili kipimo. Mgonjwa asiache mwenyewe.

Mama, insulini usiiweke karibu na bati la nyumba, wala kwenye dirisha lenye jua, wala kwenye barafu. Kama hakuna frigo, iweke mahali pa baridi: kachupa ndani ya mfuko usioingiza maji, ndani ya chungu kidogo cha udongo, na chungu hicho ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa maji.

Tena, ugonjwa huu si hukumu ya kifo. Mwezi wa kwanza wa 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Kabla ya hapo, watoto wenye ugonjwa wake walikufa. Yeye aliishi miaka 13 zaidi. Siku hizi wako watu wanaoishi nao na kufanya kazi mpaka uzee.

MTOTO WA DAMU SS

Chembe nyekundu ya damu ya kawaida ni ya mviringo na laini. Ya mtu wa SS inajikunja kama mundu, inakuwa ngumu, inaziba mishipa midogo. Ndiyo sababu ya maumivu ya mifupa. Tena inavunjika upesi, ndiyo sababu ya damu kupungua na macho kuwa ya manjano.

Mtoto anaipata kwa baba na mama, wote wawili. Mara nyingi wao ni AS, na hawaumwi. Wakiwa AS wote wawili, kwa kila mimba kuna nafasi 1 katika 4 ya kuzaa mtoto wa SS. Basi baba, usimfukuze mama wa watoto, na wala usimtafute mlozi katika jamaa. Wakati watoto wachanga zaidi ya 31,000 walipopimwa Kinshasa, katika kazi ya Profesa Léon Tshilolo na wenzake iliyotolewa mwaka 2009, karibu 17 kwa kila 100 walikuwa AS, na zaidi ya 1 kwa kila 100 alikuwa SS. Si jambo la jamaa moja.

Maumivu yakianza, mpe mtoto maji mengi, mfunike apate joto, mpe paracetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Usiweke barafu wala kumwogesha kwa maji ya baridi. Usimpe aspirini. Usimpe dawa ya chuma bila kupimwa, kwa maana damu yake haipungui kwa kukosa chuma tu. Hapa kwetu Fungurume angalia zaidi mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inapokuwa kali: blanketi na soksi ni dawa pia.

Lakini ukiona moja ya dalili hizi, toka nyumbani sasa hivi, hata kama ni usiku:

1. Homa ya 38.5 ao zaidi. Mwili wa mtoto huyu hauwezi kupigana vizuri na vijidudu. Usimpe dawa ya malaria na kungoja asubuhi.
2. Ghafula viganja na midomo vinakuwa vyeupe, ao tumbo linavimba upande wa kushoto. Damu inakusanyika katika wengu, na anaweza kufa kwa masaa machache.
3. Kifua kinauma na anapumua kwa shida.
4. Mdomo unapinda, mkono ao mguu unalegea, ao hawezi kusema.
5. Maumivu yasiyopungua kwa dawa.
6. Kwa mvulana ao mwanaume: uume unasimama kwa maumivu na kupita masaa 2. Si jambo la haya. Akificha, ataharibika.

Kati ya ajali moja na nyingine, mtoto asikose miadi yake: chanjo, penisilini ya kila siku akiwa mdogo, asidi foliki, chandarua. Uliza pia juu ya hidroksiurea. Mwishoni mwa mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya dawa hiyo kwa watoto wa Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo pia.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Njia ya kwenda Likasi ao Kolwezi imejaa malori, na ambulansi haina mabawa. Kwa hiyo tayarisha mapema. Chukua kadi ya matibabu, dawa zote anazotumia, na mtu mzima mmoja anayejua habari za mgonjwa. Ukifika, usiseme tu "ana homa". Sema: "Huyu ni SS," ao "Huyu anatumia insulini, amejidunga saa fulani, amekula ao hajala." Maneno hayo yanampa munganga nafasi ya kuanza mara moja.

Na wewe mwenye sukari, usiwafiche wenzako kwa kuogopa kupoteza kazi. Mwambie shefu wako na mwenzako mmoja unayemwamini. Weka sukari mfukoni, kila posti. Usijidunge kabla ya kuhakikisha chakula kipo.

JIPIME

1. Mwenzako anayumba, anatoka jasho, hanuki pombe. Utafanya nini kwanza?
2. Ameanguka, hajitambui. Utamnywesha maji ya sukari?
3. Mtoto wa SS ana homa ya 39 saa nne ya usiku. Utangoja asubuhi?

Majibu: 1. Msimamishe kazi, mpe sukari. Hata kama ananuka pombe, fanya vile vile, maana pombe pia inashusha sukari. 2. Hapana, mlaze kwa ubavu, ita ambulansi. 3. Hapana, hata saa moja.

Kata ukurasa huu, ubandike karibu na mlango. Msomee na yule asiyejua kusoma. Huenda yeye ndiye atakayekuwa karibu nawe siku utakapoanguka.