Kazi ya Kuhudumia Watu na Usingizi Wetu



Katika somo hili tutazungumza juu ya usingizi. Labda utasema, "Usingizi nao una somo? Si mtu analala tu!" Kweli, mtoto mchanga hafundishwi kulala. Lakini wapo watu wazima wengi wanaopanda kitandani saa 4 usiku, wakageukageuka mpaka jogoo wa kwanza akawika, bila kupata hata lepe la usingizi. Wengine hawaumwi popote. Kinachowakesha ni kazi.

Leo tunawaangalia watu ambao kazi yao ni kuwahudumia wenzao. Hao ni kama muuza duka, karani wa chama cha ushirika, mhudumu wa zahanati, konda wa basi na wakala wa pesa za simu. Baadhi yetu husema, "Ati kazi! Mtu amekaa kivulini mchana kutwa, amechoka nini?" Basi tuone.

MZIGO USIOONEKANA

Mtu akibeba gunia la mahindi, kila mtu analiona lile gunia. Tunampa pole, tunampisha njia. Lakini upo mzigo mwingine usioonekana.

Tumchukue wakala wa pesa za simu. Kazi hii si ya zamani. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Leo vibanda vya namna hiyo viko hata vijijini.

Wakala anafungua asubuhi. Mteja wa kwanza ana haraka, basi linamwacha. Wa pili anasema pesa alizotumiwa hazijafika. Wa tatu analeta noti ambayo haieleweki kama ni ya kweli au ya bandia. Mara mtandao unakatika, na watu kwenye foleni wanaanza kunung'unika. Mmoja anafoka, "Nyie wezi tu!" Na wakala anajua kwamba tarakimu moja ikikosewa, pesa zinakwenda kwa mtu asiyemjua. Pengine atazilipa yeye mwenyewe kutoka mfukoni.

Pamoja na hayo yote anatakiwa atabasamu na kusema, "Samahani mama, subiri kidogo." Moyoni anawaka, usoni anacheka.

Mwaka 1983 mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Alichunguza kazi ya wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba kuzuia hasira na kutoa tabasamu siku nzima ni kazi kamili, na inachosha kama kazi nyingine. Muuza duka wetu huenda hajapanda ndege hata siku moja, lakini kazi hiyo anaijua sana.

MWILI UNAFANYA NINI?

Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Mtu akipata hofu au hasira, tezi hizo humwaga ndani ya damu vitu viitwavyo adrenalini na kotisoli. Hapo moyo hupiga mbio, pumzi huwa za haraka, na macho huwa makali.

Ukikutana na nyoka njiani, mambo hayo ni ya msaada. Yanakupa nguvu ya kuruka na kukimbia. Nyoka akishaondoka, mwili hutulia.

Lakini mteja aliyefoka ni nyoka wa namna nyingine. Ameondoka zake saa 8 mchana, ila saa 5 usiku bado uko naye kitandani. Unajiambia, "Ningemjibu hivi! Na kesho akija tena?" Kila ukimfikiria, mwili unapata habari kwamba hatari ipo. Moyo unaanza tena mbio. Sasa usingizi utatoka wapi? Hata ukilala, utalala usingizi wa mang'amung'amu na kushtukashtuka.

Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 58,000. Waliona kwamba kazi nzito inaharibu usingizi. Waliona pia kwamba jambo moja lina uzito mkubwa sana: mtu kushindwa kuacha kufikiria kazi baada ya saa za kazi. Yaani kazi imekwisha, lakini kichwa hakijafunga duka.

HASARA YA KUKOSA USINGIZI

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Akilala saa 4 usiku, aamke saa 11 alfajiri, hapo amepata saa 7. Wakati huo mwili haukai bure. Ubongo unapanga na kuhifadhi mambo ya mchana. Moyo unapunguza kasi. Mwili unajijenga.

Mtu aliyekosa usingizi husahau upesi, hukasirika kwa jambo dogo, na hukosea hesabu. Hapo ndipo mduara mbaya unapoanza. Wakala hakulala kwa sababu ya mawazo. Kesho yake anakosea tarakimu. Analaumiwa na kupata hasara. Usiku ule mawazo yanazidi, na usingizi unazidi kukimbia. Hali hii ikiendelea miaka mingi, mtu huyo anaongeza hatari ya kupata shinikizo la damu na kisukari.

Basi mduara huu tuukate wapi?

DAFTARI NA KALAMU

Wanakisomo, silaha moja tunayo tayari. Wahenga wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba na usingizi pia unahitaji daftari.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Baylor, huko Texas, Marekani, walitoa habari za jaribio lao. Waliwaita vijana 57 walale mahali pa uchunguzi. Kabla ya kulala, kila mmoja aliandika kwa dakika 5. Kundi moja liliandika kazi walizokwisha kuzifanya. Kundi la pili liliandika kazi zinazowangoja kesho na siku zinazofuata. Wale wa kundi la pili walipata usingizi mapema zaidi, kwa wastani wa dakika 9 hivi. Na walioandika kwa kirefu, jambo moja moja, waliwahi zaidi kusinzia.

Jambo lililoandikwa halihitaji kushikwa kichwani usiku kucha. Daftari linalishika kwa niaba yako.

Fanya hivi:

1. Kila mteja akihudumiwa, andika papo hapo. Usiseme "nitaandika baadaye." Funga hesabu zako kabla ya kufunga mlango, usizipeleke kitandani.

2. Kabla ya kulala, kaa dakika 5 na daftari lako. Andika mambo ya kesho, kwa mfano: "Kununua sukari kilo 10. Kumweleza yule mzee juu ya pesa zake. Kupiga simu kuuliza habari ya mtandao." Kisha lifunike, liweke mbali na kitanda.

3. Andika saa zako za kazi kwenye kibao cha mlangoni. Baada ya saa hizo, simu ya kazi ipumzike nawe upumzike. Wateja watazoea.

4. Chai ya rangi kali na kahawa, kunywa asubuhi. Baada ya saa 5 hivi, karibu nusu ya dawa yake inayoamsha bado imo mwilini. Kikombe cha saa 11 jioni kinakungoja kitandani.

5. Usitafute usingizi kwenye pombe. Pombe husinzisha haraka, kisha huukatakata usingizi usiku wa manane. Vidonge vya usingizi navyo usimeze bila mganga wa hospitali kukuandikia.

6. Ukiona dakika 20 hivi zimepita na usingizi hauji, usipigane nao. Ondoka kitandani, kaa mahali tulivu penye mwanga hafifu. Usingizi ukija, rudi ulale. Asubuhi amka saa ile ile ya siku zote.

SI KAZI YA MTU MMOJA

Jamani, tusimwachie mfanyakazi peke yake. Daftari haliwezi kumaliza kazi ya watu wawili inayofanywa na mtu mmoja. Wakati wa msimu wa kununua mazao, karani mmoja anaweza kupima, kuandika na kujibu malalamiko tangu asubuhi mpaka usiku. Kamati ya chama ijiulize: je, anaye msaidizi? Anayo siku ya kupumzika? Mwenye duka aliyemwajiri kijana naye ajiulize hivyo hivyo.

Na sisi wateja tunalo fungu letu. Husemwa kwamba mteja ni mfalme. Sawa, lakini mfalme hana ruhusa ya kutukana. Mtandao ukikatika, si wakala aliyeukata. Neno letu la mchana linaweza kumkesha mtu usiku.

WAKATI WA KWENDA ZAHANATI

Si kila kukosa usingizi kunatoka kazini. Kunaweza kutoka kwa maumivu, kikohozi, kukojoa mara kwa mara, au kukoroma hadi pumzi kukatika. Ukikosa usingizi siku 3 au zaidi kwa juma, na hali ikaendelea, usingoje miezi, nenda zahanati ueleze. Na mtu akifika mahali pa kuona maisha hayana maana, apelekwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake. Huo ni ugonjwa kama mwingine, na unatibika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja watu 4 wanaotuhudumia hapa kijijini. Mzigo wao usioonekana ni upi?

2. Kwa nini moyo wa mtu hupiga mbio kitandani, na hali mteja aliyefoka ameshaondoka?

3. Eleza mduara wa kukosa usingizi na kukosea kazi. Ninyi mngeukata wapi?

4. Kamati ya chama chetu au mwenye duka anaweza kubadili nini ili mfanyakazi apumzike?

ZOEZI LA KUANDIKA

Leo usiku andika mambo 3 ya kesho kabla ya kulala. Fanya hivyo kwa siku 7. Kila asubuhi andika umelala saa ngapi na umeamka saa ngapi. Mkikutana tena kikundini, lileteni daftari hilo mlisome pamoja.