Barua ya Kitui Iliyopotea

Darasa yetu ya leo si ya fikihi, ingawa yaanzia katika fikihi.

Darasani petu huletwa maswali mengi na ndugu wa bara: Kitui, Makindu, Kibwezi, hata Mtito Andei. Wengi wao ni Wakamba waliosilimu, na nyumbani mwao mna mzazi au ndugu asiyekuwa Mwislamu. Basi maswali yao si kama yetu sisi watu wa pwani, tuliozaliwa katika dini pamoja na jamaa zetu wote.

Mmoja wao wa Kitui alituandikia kuuliza: akifa yeye, mamake ambaye hakusilimu atapata nini? Alijibiwa kuwa, kwa kauli ya wanavyuoni, asiyekuwa Mwislamu hamrithi Mwislamu. Lakini mwenye mali, angali hai, aweza kumwandikia mamake huyo wasia usiozidi thuluthi, baada ya kulipwa madeni. Akashukuru, akaandika kwamba ameshausia. Miaka ikapita, akafa. Karatasi ya wasia haikuonekana. Yule mama akaja kwetu na jirani yake, akauliza: ile barua mwanangu aliyowaandikieni i wapi? Tukapekua makasha, tukapekua na simu ya aliyekuwa katibu siku hizo. Hatukuipata. Warithi walisema hawakusikia wasia wowote, na hatuna haki ya kuwaita waongo. Mama akarudi Kitui mikono mitupu, na sababu ni uvivu wetu.

Kila siku twasoma aya ya deni katika Suratul Baqara, ituamrishayo kuandika, kisha karatasi zetu twazifungia maandazi!

Tazameni walivyofanya Masahaba. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi waliohifadhi Kurani, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar ikusanywe. Kazi akapewa Zaid bin Thabit, naye akaikusanya kutoka katika makuti, vipande vya ngozi na vifua vya watu. Zile sahifa zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa bintiye, Bibi Hafsa. Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu aliziazima kwake, na alipokwisha akamrudishia. Mwenye kuweka ajulikana, mwenye kuazima ajulikana, na kilichoazimwa charudi. Hakuna katibu wa leo atakayefunzwa zaidi ya hayo.

Na karibu nasi, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930. Ilikuwa karatasi tu, ya kusomwa na kutupwa. Lakini wako walioziweka, na baadhi ya makala zake zikakusanywa katika kitabu Uwongozi, ambacho hata leo twakisoma.

Basi sasa tumefungua daftari. Kila barua ifikayo, ya karatasi au ya simu, yatiwa namba, tarehe, mji ilikotoka na jambo inalouliza. Jibu lawekwa pamoja na swali lake, kwani jibu pekee baada ya miaka halifahamiki. Ya simu hupigwa chapa, kwa sababu simu huibwa. Sheikh akibadili kauli yake, jibu la kale halifutwi. Huandikwa pembeni namba ya jibu jipya. Barua za talaka na za siri za nyumba zina kasha lake lenye kufuli, na hazisomwi barazani.

Jina la mji liandikwe kama alivyoliandika mwenye barua. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos mpaka mwaka 1992. Atafutaye habari zake za zamani katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, akiuliza Makueni tu huenda akaambiwa hakuna, na hali zimo katika majalada ya Machakos. Nasi tukibadili majina ili yalingane na ya leo, wajukuu wetu watapotea vivyo hivyo. Badala yake, nyuma ya daftari tumeweka orodha ya majina ya kale na mapya.

Mwenye barua yoyote ya darasa hii nyumbani kwake, hata ikiwa imeliwa na mchwa, ailete baada ya sala ya Isha. Itanakiliwa mbele yake, naye arudi nayo usiku huo huo.